Jiwe Lililokunywa Sabuni

9 Februari

Mama, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye cherehani yako na goti limekupa nafasi. Sisi huku hatujambo. Kifungo anakwenda shule, anarudi, anakula, analala. Lile dirisha la sebuleni ulilosema linatetemeka kila lori likipita, nimelibana upya. Siku ile uliposema, "Mkata vioo anakaa nyumba yenye madirisha mabovu," nilijua ni utani ila uso wangu haukujua la kufanya. Kazini kazi ipo. Watu wanavunja vioo na tajiri wetu anafurahi.

Naandika kwa sababu simu huipendi, na kusema kweli hata mimi. Kwenye simu mtu akinyamaza unamsikia.

Jambo lenyewe ni jiwe la mama yake Kifungo, lile la kuokea mkate, katika yale mawili mliyonunua siku moja, wewe lako na yeye lake. Jirani aliliona kabla sijaliosha akadhani ni chuma kwa jinsi lilivyo jeusi. Nikamwambia ni udongo tu, uliochomwa mpaka ukawa mgumu, na sisi hapa nyumbani tunaliita jiwe. Akina mama waliokuja wakati wa msiba walisafisha kila kitu, lakini hakuna aliyefungua oveni. Nimefungua mimi wiki iliyopita nikitafuta sufuria. Mkate aliooka kabla hatujampeleka hospitali ulikuwa bado humo, nusu, umeota manyoya ya kijani. Nikautia kwenye mfuko, nikaupeleka jalalani, nikarudi kunawa mikono. Sikuhisi kitu.

Jiwe lenyewe nilililoweka kwenye beseni la maji na sabuni nyingi, kutwa nzima. Kisha nikalisugua kwa waya wa sufuria. Maji yakatoka meusi, nikaona natenda jambo la maana, nikazidi kusugua. Katikati pakawa peupe kama kiganja.

Jumamosi nikaoka. Nilifuata maelezo ya kwenye pakiti ya unga. Kwa macho mkate ulikuwa mzuri. Kifungo alikula vipande viwili, akasema, "Asante, Baba," akaondoa sahani yake. Nilipokula mimi ndipo nikajua. Ulikuwa sabuni, Mama. Sabuni tupu, ya limau.

Nifanye nini na hili jiwe? Wewe ndiye uliyemfundisha.

Kifungo anakusalimu.

Mkweo

—

27 Februari

Mkwe wangu, Baba Kifungo, marahaba.

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembe moja, nadhani tarishi aliifanya mwavuli. Mimi sijambo. Goti ni lile lile, likitabiri mvua kuliko redio. Sare za shule zimekwisha na sasa nashona mapazia ya mwalimu mkuu, ambaye kila akija anabadilisha rangi. Dada yangu mkubwa anakusalimu, ila usimjibu, ukimjibu atakuandikia kila wiki.

Sasa jiwe. Nilipofika kwenye ule waya wa sufuria niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Ule weusi haukuwa uchafu. Ni mafuta, yameingia kidogo kidogo kila mkate ulipookwa, miaka yote ya ndoa yenu. Haba na haba. Ndiyo yanayofanya mkate uachie wenyewe bila kushika. Jiwe lina vinywa vidogo usivyoviona, na linakunywa chochote utakacholinywesha. Ukilinywesha mafuta litakunywa mafuta. Ukililaza kwenye sabuni kutwa nzima, litakunywa sabuni, na likipata moto litaitema kwenye unga wako.

Kwa hiyo sikiliza. Sabuni isiliguse tena. Lingoje lipoe lenyewe. Usilitie maji baridi likiwa na moto, wewe mtu wa vioo hilo sikufundishi. Maji ya uvuguvugu, kijiti cha mbao cha kukwangulia, basi. Lifute, kisha liache wazi mpaka likauke kabisa. Usilifunike likiwa na unyevu hata kidogo.

Na sabuni iliyokwisha kuingia utaitoa hivi. Kanda unga na maji tu, bila hamira wala chumvi, uutandaze kwenye jiwe lote, uoke. Huo ni mkate wa kutupa. Utavuta sabuni. Utupe, uoke mwingine, utupe. Usiuhurumie unga. Siku mkate wa kutupa utakaponuka unga peke yake, jiwe limepona, ulipake mafuta kidogo sana uanze upya. Pale peupe patakuwa peusi tena, lakini si mwaka huu.

Nimemaliza habari za jiwe. Siku naondoka kwenu baada ya mazishi, stendi nilikuuliza kitu, na basi likaondoka hujanijibu. Nilikuuliza kama utanipa Kifungo nimlee. Chumba cha nyuma nimekitoa vitambaa vyote. Kitanda nimekitandika shuka la maua. Shule iko jirani, na mwalimu mkuu ni huyo wa mapazia, hawezi kuninyima nafasi. Mtoto wa kike, baba kutwa yuko kazini, ufunguo shingoni. Sisemi humpendi. Nauliza tu.

Nijibu.

Mama

—

30 Machi

Mama, shikamoo.

Pole na goti, na mapazia pia. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha na dirisha halikuvuja. Kifungo alikuwa wa tatu katika hesabu. Mwalimu wake kaandika, "Mtulivu sana, hana usumbufu wowote."

Nimeoka mikate ya kutupa kama ulivyosema. Wa kwanza ulinuka bafu. Niliupeleka kwa jirani mwenye kuku. Kuku wake mmoja aliudonoa, akaufikiria, akaenda kando kufuta mdomo kwenye majani. Jirani akaniambia, "Shemeji, hata kama hunipendi, usiwaulie kuku." Wa pili ulikuwa afadhali. Sasa naoka kila Jumamosi, naukunja, natupa. Ni kazi nzuri. Haitaki kufikiri, na mtu akiuliza unafanya nini unamwambia naoka.

Watu wananiuliza kama nimelia. Sijalia. Naona kama nimesahau kuvua zile glovu nzito za kazini na kila ninachoshika nakishika nikiwa nimezivaa. Kioo hakinikati, lakini pia sijui nimeshika nini. Sikulalamikii, nakueleza tu.

Jumamosi iliyopita nilitoka kwenda kununua unga. Kurudi, nimemkuta Kifungo mezani na ule wa kutupa. Ameukata vipande, anakula na maji. Nikamwambia, "Huo si wa kula, mama." Akasema, "Si mbaya, Baba. Umepika vizuri." Nikamwondolea sahani. Hakukataa hilo pia.

Nikimaliza unga huu nitakuandikia jiwe limefikia wapi.

Mkweo

—

12 Aprili

Mkwe wangu, marahaba.

Mimi mzima. Mapazia yamekubaliwa.

Sikukuuliza habari za kuku. Nilikuuliza habari za mtoto, nawe umenijibu kwa kurasa mbili za unga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi naungoja mshindo wako tangu stendi.

Lakini nimesoma pale mwisho, na usiku ule chakula kilinishinda. Mtoto anakula mkate wa sabuni anashukuru. Anakula mkate wa kutupa anausifu. Wewe unaona ana adabu, na mwalimu anaandika hana usumbufu. Baba Kifungo, mama yake akiwa umri huo nilimpa maharage yenye mchanga siku moja, nilikuwa nimechoka sikuyachagua vizuri. Alipiga ukelele, majirani wakatoka nje wakidhani nyumba inaungua. Alisusa mpaka kesho yake. Alikuwa mtoto nyumbani kwake, ndiyo maana. Mwenye nyumba ndiye anayesusa. Anayekula kila kitu na kushukuru ni mgeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wako ni mgeni tangu mama yake aondoke, na jembe kalichukua mwenyewe. Anakuchunga. Anaogopa akisema mkate mbaya utavunjika, na yeye abaki na nani?

Ndiyo maana namtaka. Sikufichi. Nitaendelea kumwomba kila barua mpaka ukasirike. Ila nitakupa ahadi moja, na mimi ahadi zangu unazijua. Siku Kifungo atakaposukuma sahani yako na kusema sitaki, niandikie. Siku hiyo sitamwomba tena.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nimekwisha kuujua. Nipe mjukuu.

Mama

—

2 Juni

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kukawia. Tulikuwa na kazi ya jengo refu, vioo vya ghorofa zote, nikawa narudi nyumbani nimechoka. Mwenzetu mmoja kakatika kidole, anaendelea vizuri. Kifungo hajambo, amerefuka, sketi ile uliyomshonea sasa iko juu ya magoti.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni. Naijua karibu yote kwa kichwa.

Nilimfungia begi. Ni lile la buluu la mama yake. Nilitia nguo, viatu, mswaki mpya, na tiketi nilikwisha kuulizia. Kisha nikamwita nikamuuliza, "Unataka kwenda kukaa kwa Bibi?" Akaniangalia usoni muda, kama mtu anayesoma bei, akasema, "Ukitaka, Baba."

Hilo si jibu, Mama. Hilo ni mkate wa sabuni tena. Nikamuuliza, "Na ukibaki hapa?" Akasema, "Ukitaka." Nikazitoa nguo begini, nikazirudisha kabatini. Sikujua nafanya hivyo kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Mswaki mpya anautumia.

Kwa hiyo bado sina jibu la kukupa. Najua umechoka kungoja.

Jiwe halinuki tena. Nimelipaka mafuta mara kadhaa. Mkate unaachia pande zote ila pale katikati peupe, pale unashika na kuacha ngozi yake, nami nakwangua kwa kijiti taratibu kama ulivyoagiza. Tunaoka na kula. Si mtamu, si mbaya. Yeye anasema ni mtamu.

Na wewe je, Mama? Zamani kila barua yako kwa mama yake ilianza na mkate. Umeumuka, haukuumuka, dada yako kala wote. Nilikuwa nasomewa, najua. Kwangu hujaandika hata mmoja. Jiwe lako li hali gani?

Mkweo

—

20 Juni

Mkwe wangu, marahaba.

Mpe pole huyo wa kidole. Sisi wazima. Dada yangu ameanza kwenda kliniki ya macho, na sasa anaona vumbi langu lote. Nashona mashuka ya hospitali, kazi ya mstari mnyoofu, haina akili.

Jiwe langu lipo.

Kuhusu begi, nimesikia. Sikuwa najua kwamba ulifika mpaka kwenye begi

24 Juni

Barua hii niliiacha hapo juu. Nilitaka kuipeleka posta hivyo hivyo, nikaona haya.

Umeuliza jiwe langu li hali gani. Niliporejea kutoka mazishini lilikuwa mezani, nililiosha kabla ya kusafiri. Lilikuwa bado na maji. Nikalitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga fundo, nikalisukuma chini kabisa ya kabati nyuma ya mafuta ya taa. Mimi. Niliyekuandikia usilifunike likiwa na unyevu. Tangu siku hiyo nanunua mkate dukani, nakula nikisimama.

Ulipouliza ndipo nilipolitoa. Lina ukungu mwingi, wa kijivu na wa kijani, na mafuta yake yamechacha. Dada yangu alifungua madirisha yote. Nimelikalisha sinkini, kila asubuhi nalipita. La kufanya nalijua, nimelifundisha watu maisha yangu yote. Mikono haitaki.

Naona ni heri nikuambie. Chumba kile cha nyuma, lile shuka la maua, nilisema ni kwa ajili ya mtoto. Ni kwa ajili yake, ndiyo. Lakini nyumba yangu imenyamaza vibaya, na nilitaka mtu atembeze miguu humu ndani. Yule wangu alikuwa akinipigia kelele hata kwa barua. Namkosa. Namkosa mpaka meno yananiuma.

Niambie nifanye nini na jiwe. Najua kwamba najua. Nataka niambiwe.

Mama

—

8 Julai

Mama, shikamoo.

Sisi hatujambo, na safari hii nasema kwa maana yake.

Naanza na jiwe kabla sijafika kwingine. Litoe sinkini. Kwangua ukungu kwa kijiti, ukiwa nje, usivute harufu. Chukua magadi, yale ya kupikia, tia maji kidogo mpaka yawe uji mzito, upake jiwe lote, uache, kisha ukwangue tena na uoshe kwa maji ya uvuguvugu. Kama bado linanuka, rudia. Sabuni isiliguse. Liweke juani likauke kabisa, kutwa, na kesho yake pia. Lianze na moto mdogo, usilishtue. Kisha oka mkate wa kutupa. Unga, maji, basi. Usiuhurumie unga. Likipasuka, limepasuka, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami nitakuletea hili letu. Ila halitapasuka. Mwambie dada yako alisimamie, maana anaona vumbi.

Sasa jambo la pili.

Jumamosi nilioka kama kawaida. Nilikuwa nimechoka, mawazo yote kwenye barua yako, nikasahau chumvi. Mkate ulitoka mzuri, umeumuka, hata pale peupe haukushika. Nikamkatia Kifungo, nikaketi mbele yake. Akauma mara moja. Akatafuna. Akauangalia.

Kisha akaisukuma sahani. Si kwa hasira, kwa kidole kimoja tu, mpaka ikafika katikati ya meza.

"Baba, huu mkate mbaya."

Nikasema, "Mbaya vipi?"

"Hauna chumvi. Sitaki. Mama alikuwa anatia chumvi."

Hajalitaja jina hilo hapa nyumbani tangu mazishi, Mama. Hata mimi sijalitaja. Nikainuka kwenda kuchukua chumvi, kana kwamba mkate uliokwisha kuiva unatiwa chumvi. Nikafika jikoni, nikashika kikopo, na nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, nimekaa sakafuni, nikakishika kikopo mpaka kifuniko kikatoka na chumvi ikanimwagikia. Niliogopa atatishika. Alikuja mlangoni akasimama, akaniangalia, akasema, "Na ule wa kwanza ulikuwa na sabuni." Nikasema, "Najua." Akasema, "Ulikuwa mbaya kuliko huu." Akaanza kuitaja mmoja mmoja, Mama, mikate yote, ule ulioungua chini, ule mbichi katikati, ule wa kuku. Alikuwa ameikumbuka yote. Mwisho naye akalia, na tukakaa pale chini mpaka miguu ikafa ganzi.

Jana amekataa uji. Leo amekataa sketi.

Kwa hiyo jibu la lile swali la stendi ni hapana. Hatakuja kukaa. Atakuja likizo, ikiwa bado unamkaribisha, na nitamleta mimi mwenyewe, tuje tuketi wote. Najua nakunyima nini. Ningeweza ningekupa nusu.

Mkweo

—

25 Julai

Mkwe wangu, Baba Kifungo, marahaba.

Barua imefika. Dada yangu mzima, mimi mzima, goti ni lile.

Ahadi ni ahadi. Sitamwomba tena. Nilikaa nayo siku nzima hiyo sentensi, na sasa nimeiandika. Kitanda sikukitandua, kitamngoja likizo. Sketi mwambie nitaishusha pindo, na rangi ya sketi mpya achague yeye. Akija akila kila nitakachompa na kushukuru, nitajua kwangu ni mgeni na kwako ni mwenyeji. Nitaona wivu, lakini nitampakulia.

Wewe njoo na hamu ya kula. Chumvi nitatia mimi.

Jiwe nimelifanya kama ulivyoniambia. Nilikubishia kichwani kila hatua, lakini nilifuata. Ukungu umetoka, harufu imebaki kidogo. Limeshinda juani kwenye kigoda, watoto wa jirani wakauliza kama linauzwa. Halikupasuka.

Jana nikaoka mkate wa kutupa. Nilikusudia kuutupa. Nikauweka sahani, nikavuta kiti, nikaketi mezani, jambo ambalo sijalifanya tangu nirudi kutoka huko. Nikaukata, nikala kipande kimoja, pamoja na harufu yake ya ukungu na ya mafuta yaliyochacha.

Ulikuwa mbaya, mwanangu. Mbaya kabisa. Nikaisukuma sahani, nikasema kwa sauti, peke yangu humu ndani, sitaki.

Mama